Papa Darlène Aingia Kwenye Bima

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi juu ya mashine ya kukaushia mashuka, na Pulchérie Nabintu alilisoma mara nne, kisha akalipiga busu. Msimcheke. Mwanamke huyu alikuwa amefua mashuka ya nyumba ya wazee pale North York, Toronto, kwa miaka mitano, karibu yote akiwa kibarua wa ajensi, leo anaitwa, kesho anaambiwa apumzike nyumbani. Mwezi wa tatu mwaka huu ndipo walipomwajiri rasmi, kazi ya kudumu, na jina lake likawekwa kwenye ratiba pamoja na majina ya wafanyakazi wenyewe. Sasa tangazo lilisema hivi: dirisha la bima ya afya ya wafanyakazi limefunguliwa, kila mtu achague ngazi yake na aandikishe watu wa nyumbani kwake. Dirisha linafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Atakayechelewa atasubiri mwaka mwingine.

“Mama Darlène, umebusu karatasi?” aliuliza Kangethe, fundi wa mashine, Mkenya mmoja ambaye masihara kwake ni sehemu ya mshahara.

“Nimeibusu, na ukinitazama hivyo nitaibusu tena.”

“Aki wewe! Mimi niko na miaka nane hapa, na hiyo kitabu yao ya bima sijawahi kuifungua. Kila Novemba nabonyeza tu, endelea, endelea, endelea, nimemaliza.”

“Na lile jino unalolilia kila siku?”

Kangethe akashika shavu lake. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba jino na kile kitabu vinajuana.

Tuelewane kabla hatujaenda mbali. Ndugu wakipiga simu kutoka Bukavu husema, nyinyi huko Kanada hospitali ni bure, mnalalamika nini? Bure, ndiyo. Daktari bure, kitanda cha hospitali bure. Lakini meno yako ni yako, miwani yako ni yako, dawa ya kununua dukani ni yako, na masikio, jamani, masikio ndiyo yako kabisa. Kadi ya afya ya mkoa inakufikisha kwa mtaalamu akuambie kwamba husikii, halafu inakuaga hapo hapo mlangoni. Mkoa huchangia kidogo kwenye vifaa vya kusikilizia, na kinachobaki ndicho kinachomnyima mtu usingizi. Shida ya Pulchérie ilikuwa masikio, tena si yake, ya mumewe.

Mumewe aliitwa Eustache Cirhuza, ingawa kwenye ghorofa yao ya kumi na moja pale Flemingdon Park hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Papa Darlène, basi. Alipanga mizigo kwenye ghala la vyakula, kwa kupitia ajensi, bila bima yoyote. Lakini kazi iliyomtoa kitandani kwa furaha ilikuwa kwaya. Kanisa lao hukutana Jumapili mchana kwenye ukumbi wa kukodi kule Crescent Town, na kwa miaka kumi yeye ndiye aliyewafundisha watu kuimba sauti nne. Alikuwa na sikio huyo! Mtu wa mstari wa nyuma akipotoka kidogo tu, Papa Darlène aliinua kidole bila kugeuka, na mkosaji alijijua.

Kisha masikio yakaanza kufifia, kwanza la kushoto, halafu la kulia. Akawa anawagombeza walioimba sawa na kuwasifu waliokosea, na watu kwa heshima wakanyamaza. Siku ya Pasaka wanawake wa sauti ya kwanza walipotea kabisa, wakapanda huko juu peke yao, waumini wakatazamana. Yeye akaendelea kupunga mikono, macho ameyafumba, uso umejaa raha. Alipoyafumbua aliziona nyuso za watu. Jumapili iliyofuata alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, na tangu siku hiyo hakuimba tena. Alichezesha midomo tu.

Mtaalamu wa masikio aliwaambia mambo mawili. La kwanza lilikuwa tamu: avae vifaa viwili, kimoja kila sikio, na atasikia tena, hata kwaya ataisikia. La pili lilikuwa chungu: asikae sana bila vifaa, kwa sababu ubongo ukikosa sauti muda mrefu huanza kuzisahau. Pulchérie alirudi nyumbani na neno hilo limemkwama kifuani. Azisahau? Aisahau sauti ya mwanawe? Aisahau yangu? Mwaka mwingine wa kungoja hakuwa nao wa kumpa mtu.

Basi alianza kujiandaa tangu mwezi wa tisa, wakati wenzake hata hawajui kama kuna dirisha. Aliomba kitabu cha bima ofisini, kurasa sitini nzima, akakisoma kwenye basi la Don Mills akienda kazini na akirudi. Neno asilolielewa alilipigia mstari ili amuulize binti yake. Darlène ana miaka ishirini, yuko chuoni. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa yote, na yote anakujibu kwa Kiingereza, nyumbani wameshazoea. Kufikia Oktoba Pulchérie alikuwa amekibukua kitabu kile mpaka wanawake wa kanisani wakawa wanamfuata baada ya ibada na maswali yao ya miwani na magoti. Alimjibu mpaka mke wa mchungaji, na alijisikia raha hiyo, asikwambie mtu.

Jumatatu ile ya tangazo aliingia nyumbani bila hata kuvua viatu.

“Papa Darlène! Bima imefunguliwa!”

“Eh?”

“Bima! Bima!”

“Kima?” Papa Darlène aliinuka kwenye kochi, akaenda kuchungulia kwenye kibaraza cha nje. “Kima gani tena, hapa Flemingdon?”

Darlène alicheka mpaka akakaa chini. Pulchérie naye alicheka, akaingia jikoni bado anacheka, akafunua sufuria ya sombe, kisamvu chao cha Bukavu. Hapo mbele ya sufuria kicheko kikamwisha. Akafuta macho kwa kiganja na kukoroga chakula chake.

Jumatano ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alioga, akavaa kitenge kipya, akafunga kilemba, akaketi mbele ya kompyuta ya Darlène na mikono ameikunja mapajani.

Darlène akamuuliza kwa Kiingereza chake, “Maman, kuna harusi?”

“Bonyeza, mtoto. Acha maneno.”

Wakabonyeza. Ngazi ya kwanza waliipita. Ya pili waliipita. Ya tatu ilikata zaidi kwenye mshahara, lakini ililipia vifaa vya masikio karibu vyote, na Pulchérie aliigusa kwa kidole kwenye kioo kabla Darlène hajaichagua, akaacha alama ya mafuta. Ukafunguka ukurasa wa wategemezi. Lo, kumbe mashine ilikuwa imeshajaza yenyewe kutoka kwenye faili lake la kazi! Jina: Eustache Cirhuza. Chini yake kulikuwa na mstari mwekundu.

Darlène aliusoma, akausoma tena. “Maman, wanasema Papa ni baba yako.”

“Si ndiyo, ni baba yako.”

“Si wangu. Wako. Wameandika kwamba amekuzaa wewe. Na wanasema wazazi wa mfanyakazi hawaingii kwenye bima hii.”

Pulchérie aliusogelea ule mstari mwekundu. Kisha taratibu, kama mtu anayekumbuka alikoacha jiko linawaka, akakumbuka siku ile ya Machi alipoajiriwa. Karani alimpigia simu kumjazia faili. Ukiumia kazini, tumpigie nani? Pulchérie akajibu bila kusita, “Papa.” Anaitwa nani? Hapo alisita, kwa sababu jina la mume halitamkwi. Mama yake alimfundisha hivyo, na mama wa mama yake vilevile. Kabla Darlène hajazaliwa alimwita mumewe “unasikia?”, na mtoto alipokuja akapumua, akawa na jina zuri la kumwitia, Papa Darlène, na likamtosha tangu hapo. Sasa karani anataka jina! Basi akalitaja herufi moja moja, E, U, S, T, mpaka mwisho, maana kutaja herufi si kutamka jina. Alijiona mjanja sana siku ile. Karani akaandika: Eustache, baba.

“Niondolee hilo neno baba,” alisema. “Weka mume.”

Darlène alijaribu. Mashine ikakataa. Ilisema mabadiliko ya uhusiano hufanywa ofisini, na mfanyakazi mwenyewe, kabla dirisha halijafungwa. Darlène alianza kucheka, akamwona mama yake usoni, akaacha.

Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, Pulchérie alikuwa mlangoni pa ofisi ya wafanyakazi na kile kitabu kwapani. Yule karani wa Machi alishaondoka. Aliyekuwepo ni Masoomah, mwanamke kijana mwenye hijabu ya kijivu, mzaliwa wa hapahapa Toronto, mpole, anayependa mambo yake yaende kwa utaratibu. Pulchérie alimweleza kwa Kiingereza chake chote.

“Kuna kosa. Papa ni mume wangu.”

Masoomah aliweka kalamu chini. “Baba yako ni mume wako?”

“Hapana! Mungu wangu! Papa. Papa wa Darlène.”

“Darlène ni nani?”

“Mtoto wangu.”

“Na baba yako ndiye baba wa mtoto wako?”

Pulchérie alishika kichwa kwa mikono miwili. Masoomah, kwa upole uleule, akauliza kama kuna cheti cha ndoa. Kilikuwepo, lakini kilibaki Bukavu, na nyumba iliyokihifadhi haipo tena. Basi, Masoomah akasema, tumpigie yeye mwenyewe athibitishe. Pulchérie alitaka kusema usipige, lakini simu ilishaanza kuita, na ilikuwa imewekwa sauti ya nje.

“Allo!” Papa Darlène alinguruma kutoka huko ghalani.

Masoomah alijitambulisha. Akamuuliza, Pulchérie Nabintu ni nani kwako?

“Eh?”

“Pulchérie! Ni nani kwako?”

“Ah, mama! Ndiyo, mama. Mama yuko kazini.” Akafikiri kidogo, akaongeza kwa Kiingereza cha adabu, “Mama yangu mzuri sana. Asante. Mungu akubariki.” Akakata.

Kwenye kompyuta Eustache alikuwa baba yake Pulchérie, na sasa kwa kinywa chake mwenyewe Pulchérie alikuwa mama yake Eustache. Masoomah aliuma mdomo ili asicheke, akafungua droo, akatoa karatasi. Ilikuwa fomu ya tamko la ndoa. Waje wote wawili kesho kabla ya saa kumi na moja, kila mmoja aseme mbele yake kwa mdomo wake mwenzake ni nani, watie sahihi, na atabadilisha hapo hapo. Wasipokuja, mikono yake imefungwa mpaka Novemba ijayo.

Pulchérie alirudi kwenye mashuka anakaribia kukimbia. Njia ilikuwepo! Alimwambia Kangethe, akamwambia mpishi, akamwambia bibi mmoja wa chumba cha tisa ambaye hata hakumuuliza. Jioni alishuka kwenye basi anajiimbia, akapanda nyumbani, akaweka fomu mezani mbele ya mumewe na kalamu pembeni. Hakuwa amefikiria kabisa kwamba Papa Darlène angekataa.

Fomu za nchi hii zina Kiingereza upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, na Papa Darlène, aliyesoma kwa mapadri, aligeuza upande wa Kifaransa. Alisoma polepole. Akafika kwenye neno la mtegemezi, na pale Wafaransa wameandika kwa namna yao.

“Personne à charge,” alisoma kwa sauti. Uso ukambadilika. “À charge. Charge ni mzigo. Mama Darlène, umeniandika mzigo?”

“Ni neno la makaratasi tu!”

“Eh?”

“Neno la makaratasi!”

“Niliwatoa Bukavu na miguu hii. Niliwabeba nyinyi, na sufuria, na mama yako. Leo mimi niende mbele ya watu nikatie sahihi kwamba mimi ni mzigo wa mke wangu?” Akaisukuma fomu. “Bon. Mimi siendi.”

Pulchérie alisikia damu inapanda. Miezi miwili kitabu kwapani! Alivuta kiti, akakaa mbele yake magoti yakigusana, akamshika kidevu ili amtazame mdomo, maana siku hizi alisikia zaidi kwa macho.

“Nitazame. Unajua mimi na wewe hatujaongea miaka miwili?”

“Tunaongea kila siku.”

“Tunapigiana kelele kila siku. Chakula tayari! Funga mlango! Simu yako inalia! Hayo ndiyo maongezi yetu. Kuna maneno ya mke na mume, Papa Darlène. Nikitaka kukwambia neno kama hilo nifanyeje? Nilipayuke mpaka jirani wa ghorofa ya kumi alisikie? Nimeyameza yote. Nimechoka kuyameza. Mimi ndiye ninayekutegemea, mimi! Nakutegemea unisikie. Kama hapa ndani kuna mzigo, ni huu nilionao kifuani, na wewe hutaki kunitua.”

Alikuwa analia sasa, na hakujificha. Darlène, aliyekuwa mlangoni pa chumba chake, alirudi ndani pole pole. Papa Darlène alitazama mikono yake.

“Saa ngapi?” alisema.

“Eh?” alisema Pulchérie.

“Hiyo kesho. Saa ngapi?”

Ijumaa theluji ya kwanza ya msimu iliamua kuanguka siku hiyohiyo. Papa Darlène alitoka ghalani saa nane, akabadilisha nguo akavaa suti yake ya kwaya, ya bluu iliyoiva, na kungoja kituoni. Basi la kwanza likapita limejaa. La pili likatambaa mpaka Eglinton na kuganda pale kwenye foleni. Pulchérie, aliyekuwa kazini, alitoka nje mara saba kutazama barabara. Kangethe alimletea chai, akaikataa, Kangethe akainywa yeye. Saa kumi ikagonga. Saa kumi na robo. Saa kumi na dakika ishirini na tano mtu mwenye suti ya bluu na theluji mabegani alionekana anavuka barabara kwa hatua ndefu, na Pulchérie akapiga yowe, wazee wawili wakaacha kucheza karata.

“Mzee karibu! Leo unaoa tena!” alisema Kangethe akishikilia mlango.

“Eh?” alisema Papa Darlène.

Masoomah aliwakalisha mbele ya meza. Akaeleza, aanze mwanamke, aseme majina kamili na uhusiano, kisha mwanamume, kisha sahihi. Jambo jepesi kabisa. Pulchérie akasimama, akanyoosha aproni yake.

“Mimi, Pulchérie Nabintu, natamka kwamba mume wangu ni...” Akaanza upya. “Natamka kwamba mume wangu ni Papa Darlène.”

“Jina lake, tafadhali.”

“E, U, S, T...”

“Sio kwa herufi. Litamke.”

Pulchérie alifungua mdomo, na mdomo ukakataa. Msidhani ni mchezo. Miaka ishirini na mitatu ulimi wake haujagusa jina hilo, hata alipokuwa na hasira naye, hata alipojifungua, hata siku waliyopotezana njiani kwenye umati na akakimbia anaita “Papa Darlène! Papa Darlène!” mpaka akampata. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na nusu na dakika nne. Alimgeukia Masoomah na macho ya kuomba.

Masoomah alikuwa anamtazama kwa namna nyingine kabisa. Alisogeza kiti chake karibu, na ghafla akaanza kusema Kiswahili, kimoja cha kukwaruza, cha mtu aliyekisikia jikoni na hajakitumia.

“Bibi yangu alitoka Tanga. Alimwita babu Baba Feroz. Feroz ni baba yangu. Siku zote, Baba Feroz, Baba Feroz. Hata hospitali, nesi anauliza jina ya mgonjwa, bibi anasema Baba Feroz. Nesi anatafuta, hapati mgonjwa.”

“Mungu wangu, unasema Kiswahili!”

“Kidogo kidogo. Nasikia zaidi.” Masoomah alicheka, macho yamelowa. “Samahani, mama. Jana mimi nilikuwa mjinga. Ilifaa nijue. Lakini kompyuta haina nafasi ya Baba Feroz. Sema jina. Mara moja tu. Bibi yangu angekuruhusu.”

Pulchérie alishusha pumzi. Akapiga moyo konde. Hakumtamkia Masoomah, ingawa ndiye aliyeuliza. Alimgeukia mumewe, aliyekaa pale na suti yake, akiwatazama midomo mmoja baada ya mwingine bila kujua kinachoendelea. Aibu ilimshika, aibu ya bibi harusi, mpaka masikio yakamchoma.

“Eustache,” alisema. “Eustache Cirhuza ni mume wangu.”

Papa Darlène alimkodolea macho.

“Eh?”

“Eustache Cirhuza ni mume wangu!”

“Eh?”

Mlango ulifunguka, kichwa cha Kangethe kikaingia kuona kuna nini. Pulchérie hakujali tena. Alivuta pumzi ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

“EUSTACHE CIRHUZA NI MUME WANGU!”

Korido nzima ilisikia. Wacheza karata walisikia. Bibi wa chumba cha tisa alipiga makofi. Papa Darlène aliinamisha kichwa polepole, kama mtu aliyeridhika na kipimo, na zamu yake ikafika. Akasimama, akafunga kifungo cha koti. “Mama...” alianza, na Pulchérie akamkanyaga mguu. “Pulchérie Nabintu,” alisema, kwa ile sauti nzito iliyokuwa ikitetemesha viti kule Crescent Town, “ni mke wangu wa ndoa.” Akachukua kalamu, akapita upande wa Kifaransa, akatia sahihi chini ya neno lake la mzigo, kubwa, kwa mkono uliotulia.

Masoomah akaketi kwenye kompyuta. Alifuta neno baba. Akaandika mume. Akabonyeza, mashine ikafikiri, ikafikiri, Pulchérie akashika mkono wa Kangethe mpaka Kangethe akalalamika. Kioo kikawa cha kijani. Imepokelewa. Bima yaanza tarehe mosi Januari, ngazi ya tatu, mfanyakazi na mumewe na binti. Saa ilikuwa kumi na moja kasoro dakika kumi na mbili. Pulchérie alipiga vigelegele ndani ya ofisi ya wafanyakazi, jambo ambalo kitabu kile cha kurasa sitini hakilitaji popote. Akamkumbatia Masoomah juu ya meza, makaratasi yakaanguka. Kangethe, wakati wenzake wanaokota makaratasi, alimnong'oneza Masoomah akiuliza kama bado kuna dakika za kuulizia jino.

Walitoka nje kungoja basi. Theluji ilikuwa inaanguka taratibu, na Pulchérie hakuweza kukaa kimya. Alihesabu majuma mpaka Januari kwa vidole. Alipanga siku ya kurudi kwa mtaalamu, alipanga Jumapili ya kwanza atakapoiongoza kwaya tena na wimbo wa kufungulia, akasahau kwamba anaongea na mgongo wa koti. Kisha akakumbuka, akazunguka, akasimama mbele ya mumewe mahali pa kuonekana mdomo.

“Mle ndani,” alisema, “mara ya kwanza hukusikia hata kidogo?”

“Nilisikia.”

“Ulisikia?”

“Neno kwa neno.”

“Ala! Sasa mbona umeniacha nipayuke mpaka Kangethe akaja?”

Eustache alimpangusa theluji kwenye kilemba, bila haraka.

“Miaka ishirini na mitatu, mama,” alisema. “Mimi ningetosheka na mara moja?”